Kiti Kilichotoa Ngula

Tangu jana alasiri maziwa ya Aurélie yalikuwa yamekataa kushuka. Bonheur, binti yake wa miezi mitatu, alinyonya, akaachia, akalia, akashika tena. Aurélie alijua kilichoziba: hofu ilikuwa imekaa kifuani, mahali pa maziwa.

Jana ndipo Monsieur Lin alipokuja mtaani kwao Mangobo kuchukua kiti chake. Ni mnunuzi wa mbao mwenye depo kando ya mto, na kiti hicho alikileta kutoka kwao China: kiti cha mikono, cheusi kama tako la sufuria, alichoachiwa na marehemu baba yake. Alisema kimetengenezwa kwa zitan, mti ambao mafundi wa kale wa kwao waliutumia kutengeneza viti vya wafalme. Njiani mguu mmoja ulilegea. Papa Wenceslas, baba yake Aurélie, aliyefanya useremala kwa miaka thelathini, aliombwa akaze mguu. Mguu tu, basi.

Lakini Papa Wenceslas na "basi" hawajawahi kupatana. Kwake kitu cha mteja hakirudi kwa mwenyewe na uchafu wake. Hata kitanda kilicholetwa kwa msumari mmoja kilirudi kinang'aa kama cha bibi harusi. Akakaza mguu, kisha kwa moyo mweupe akachukua rabo, randa yake ya kulainishia mbao, na kipande cha kioo, akakikwangua kiti chote, mikono, mgongo na miguu, weusi ukaondoka na maranda. Kikabaki chekundu, chekundu kama nyama mbichi.

Monsieur Lin hakupiga kelele. Alikigusa, akarudisha mkono haraka kama aliyeungua, akamwambia jambo mkalimani wake.

"Anasema hii haiko kiti yake," Zuberi alitafsiri. "Anasema mulikamata mbao ya baba yake, mukamutengenezea ingine ya mupya. Kesho saa tatu atarudia na bapolisi."

"Zuberi, mwana, kiti yake njo hii hii!"

"Papa, mimi niko kinywa tu."

Usiku ule hakuna aliyelala. Jirani yao Papy aliingia mahabusu mwaka uliopita kwa ajili ya baiskeli ya mtu mwingine. Alikaa miezi miwili, akatoka anakohoa, na mpaka leo wanamsikia kupitia ukuta. Papy ana miaka thelathini. Papa Wenceslas ana sitini na tatu, na presha.

Asubuhi Aurélie alikuwa akifagia karakana, mtoto mgongoni, alipookota kile kitambaa alichomlazia Bonheur jana karibu na maranda. Pale mate ya mtoto yalipodondokea vumbi la mbao pametoka doa jekundu. Akalinusa.

Alilijua doa hilo. Alipotoka kujifungua, koko wake, bibi aliyetoka Yanonge kwa mtumbwi kwa ajili hiyo tu, alimpaka ngula na mafuta ya mawese kutoka shingoni hadi vidoleni, siku baada ya siku, kama wanavyopakwa wazazi wote wa kwao. Mashuka yake hayajatakata hadi leo. Na ngula ni unga wa mti wa huku huku, ule ambao watu wa kiwanda cha mbao wanauita paduku.

Hata hivyo hakujipa jibu. Katika masomo yake ya jioni ya kutambua mbao, mwalimu Émile, aliyepima ubora wa magogo ujana wake wote, aliwaonya kila juma: "Ngula ya huku na zitan ya kule beko ndugu. Bote wanatoa damu. Rangi itawadanganya. Muulize maji." Zitan huzama kama jiwe. Ngula kavu huelea.

Akachukua beseni la kumwogeshea mtoto, akatia maji, akachagua kibanzi kinene katika maranda ya kiti, akakiachia. Kilizama kidogo, kikageuka, kikapanda juu.

"Papa. Inaelea."

Papa Wenceslas aliketi juu ya gogo. "Basi njo nimekufa. Batasema nilibadilisha kweli."

"Papa… haukubadilisha?"

Swali lilikuwa limekwisha kumponyoka. Baba yake aligeuka juu ya gogo. "Hata weye, mama?"

Aurélie alitamani ardhi immeze. Akafuta macho kwa kile kitambaa, uso ukabaki na mstari mwekundu. "Nisamehe. Papa, kuko fasi ya kiti haukupitisha rabo?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Chini. Mugongo ilikuwa inaniuma. Na nani anaangaliaka chini ya kiti?" Huyo ndiye aliyewafokea wanafunzi wake miaka yote kwa kuacha matumbo ya meza bila kulainishwa.

Wakakipindua. Chini ya kikalio kulikuwa bado kweusi, na juu ya weusi huo mistari miwili ya maandishi ya Kichina, ya brashi, yaliyofifia. Aurélie hakuweza kuyasoma, na hilo lilimtisha kuliko yote. Je, kama ni jina la mtu mwingine? Kama ndiyo yatakayomfunga baba yake? Alikuwa bado ameinama pale aliposikia gari likizima injini nje.

Waliingia wanne: Monsieur Lin, Zuberi, na polisi wawili. Mmoja alikwisha kutoa pingu, anazichezesha.

"Tonton Zuberi," Aurélie alisema, akimwita mjomba kwa heshima, "umwambie kiti iko yake. Lakini haiko zitan. Iko ngula. Ilitoka kwabo ikiwa ngula."

"Weye! Nimwambie mutu kiti ya marehemu baba yake iko ya uongo? Halafu kazi utanipa weye?"

"Jana ulikuwa kinywa tu. Leo kinywa umeiacha ku nyumba na bibi yako?"

Polisi mwenye pingu alicheka. Zuberi hakucheka, wala hakutafsiri.

Basi Aurélie akakipindua kiti mbele ya mwenyewe. Monsieur Lin aliyaona maandishi, akapiga goti kwenye maranda kwa suruali yake safi, akapitisha kidole juu ya kila alama. Akasema neno moja, kwa sauti ndogo.

"Anasema… njo mukono ya baba yake," Zuberi alisema. "Njo yeye aliandika."

Papa Wenceslas alishusha pumzi. Aurélie hakushusha, kwa maana Monsieur Lin alikuwa tayari anaonyesha mikono na miguu ya kiti, myekundu, akitikisa kichwa: chini ni cha baba yake, huku juu je? Pingu zikalia tena.

Aurélie akachukua patasi ya Papa Wenceslas, akaigeuza, akampa Monsieur Lin mpini. Ni jambo gani hilo, kumpa patasi mtu mwenye hasira, na mtoto yuko mgongoni? Lakini mikono ya kwao ilikuwa imekwisha kushukiwa. Sharti akate mwenyewe. Akamwonyesha kando ya maandishi.

Monsieur Lin alikwangua. Weusi ulitoka kama masizi, chini yake kukachungulia wekundu. Akakwangua pengine, na pengine, kisha akachimba, akang'oa kibanzi cha ukubwa wa ukucha. Aurélie alisukuma beseni kwa mguu. Mnunuzi wa mbao haambiwi beseni la nini. Alilitazama kwa muda mrefu sana, kama mtu asiyetaka, kisha akaachia kibanzi.

"Zama," polisi wa pili alinong'ona, kama yuko mpirani.

Kikashuka. Kikageuka. Kikapanda.

Patasi ilikuwa bado mkononi mwa Monsieur Lin, na Aurélie hakuiondolea macho. Monsieur Lin akasimama, akakisimamisha kiti, akakikalia. Alipoanza kusema alikuwa akisema na beseni.

"Anasema baba yake alikuwa anaipanguza kila asubuhi," Zuberi alitafsiri polepole. "Mutoto hata moja hakuruhusiwa kuikalia." Akasikiliza. "Anauliza, huu muti munauitaka nani?"

"Ngula," Aurélie alimjibu mwenyewe. Akajipitisha kiganja mkononi, begani, shingoni, akamwonyesha Bonheur. "Ya kumupaka mama akizaa."

"Ngu-la," alirudia Monsieur Lin. Akawapungia polisi mkono, nao wakarudi kwenye gari wakiwa na nyuso za watu walionyimwa karamu.

"Anauliza, Papa, utaweza kurudisha ile weusi?"

Papa Wenceslas alifungua kinywa aahidi. Aurélie akamwahi. "Hapana. Ile haitarudia."

Monsieur Lin alipotafsiriwa hayo, aliusugua mkono wa kiti kwa kidole gumba, akakitazama kidole kilivyobaki chekundu, akasema maneno machache.

"Basi ibakie hivyo," Zuberi alisema. "Lakini kule chini musiguse. Musiguse kabisa."

"Sitagusa," alisema Papa Wenceslas, mkono juu ya moyo. "Hata mugongo ikipona."

Aurélie alitaka kucheka. Akaketi palepale juu ya maranda. Bonheur akaanza kulia mgongoni, na kabla hajamfungua, alihisi sehemu ya mbele ya blauzi yake imelowa.