Matairi Makubwa na Gari Lisilosimama

Gari lilipita foleni ya akina mama, likapita meza ya kadi, likaingia kwenye matuta ya viazi vitamu, ndipo likasimama. Wanawake walikuwa wameshatawanyika, wakiwa wamewakumbatia watoto vifuani. Hakuna aliyeumia. Mzani wa kupimia watoto tu ndio uliogongwa ukapinda.

Pudensiana alishuka. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya kutembelea vijiji, mwaka wa kumi na moja huo, na watu wote wa kijiji hicho cha Usevya walimwita sista. Alizunguka hadi dirisha la dereva.

"Ezekia. Ulikanyaga breki?"

"Nilikanyaga, sista. Tangu kule kwenye kibao."

"Kibao cha shule?"

"Kile cha kabla ya shule."

Pudensiana alitazama nyuma. Kibao kile kilikuwa mbali kiasi cha mtu kuwasha jiko na kuchemsha chai. Kisha akayatazama matairi. Yalikuwa mapana, yenye meno kama ya jembe la ng'ombe, yakimfikia kiunoni. Kampuni moja ya uwindaji ilipofunga kambi yake, Ezekia aliyaomba, akapewa, akayafunga kwenye Landkruza ya kliniki siku ambayo Pudensiana alikuwa kwenye semina Tabora. Aliporudi alilikuta gari limepanda juu, dereva amesimama pembeni anatabasamu kama baba wa mapacha.

Siku hiyo walirudi Mpanda mwendo wa ng'ombe, kwa gia ya kwanza na ya pili. Safari ya saa chache ilimaliza mchana mzima.

Kesho yake fundi Silvester alifungua gurudumu la mbele kando ya barabara pale Ilembo, mtaa wa Mpanda, akachomoa pedi za breki, akampa Pudensiana moja mkononi. Uso wa pedi uling'aa kama kioo.

"Zimeungua, sista. Nimezifunga wiki tatu tu zilizopita. Tairi likiwa kubwa hivi, breki inashika kitu kizito kinachozunguka kwa nguvu. Pedi inapata moto, ikipata moto inateleza. Hapo hata ukanyage kwa miguu miwili."

"Basi funga zinazofaa."

"Zipi?"

"Wewe ndiye fundi!"

"Mimi nafunga kinachopatikana," alisema Silvester, na huo ndio ukawa mwanzo wa asubuhi ambayo Pudensiana hakuisahau.

Duka la vipuri lilikuwa la Callixte, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu. Alitoa maboksi mawili, akayaweka kwenye kaunta mbele ya Ezekia.

"Hizi laini. Ukigusa tu, zinashika. Hizi nyingine ngumu, zina unga wa chuma ndani. Zinapiga kelele na zinakula diski ya gurudumu. Chukua laini, dereva."

"Mwenye gari ni kliniki," alisema Pudensiana, "na anayekuuliza ni mimi. Tuna matairi makubwa. Ipi itasimamisha?"

"Pedi ni pedi, sista," Callixte alijibu huku akimtazama Ezekia.

Silvester, aliyekuja nao, alisema ngumu. Callixte alisema fundi yule anapenda kuuza diski. Silvester akamuuliza ni lini amewahi kumwona akiuza diski. Ezekia akasema yeye yoyote ni sawa, mradi matairi yabaki, kwa sababu kule Kasansa masika yakianza udongo unashika gari kama gundi. Wakaanza kubishana watatu kwa pamoja: udongo, diski, na shemeji wa mtu fulani aliyeendesha lori hadi Sumbawanga bila breki kabisa na hakuna kilichompata.

Pudensiana alipiga kiganja kwenye kaunta.

"Nyie! Kuna watoto wa watu wanaopanga foleni mbele ya gari hili. Nachukua boksi zote mbili. Moja itakuwa ya akiba. Callixte, funga duka."

"Nifunge? Kwa nini?"

"Twende mteremkoni ukakae mbele, uone pedi yako inavyofanya kazi."

"Mgongo wangu, sista..."

"Mgongo wako nitauangalia mimi. Ndiyo kazi yangu."

Watu waliokuwa dukani walicheka. Callixte akafunga duka.

Silvester alifunga zile laini, wakaenda kwanza polepole, wakisimama na kuondoka, zizoee diski. Kisha wakapanda juu ya mteremko. Pudensiana alishuka, akaweka jiwe pembeni ya barabara. Ezekia aliambiwa akanyage breki akifika kwenye jiwe. Mara ya kwanza gari lilisimama vizuri sana, hata Callixte akamgeukia Silvester akainua nyusi. Mara ya pili lilipita kidogo. Mara ya tatu lilipita zaidi. Mara ya nne harufu ya kuungua iliingia hadi ndani, na gari likateremka huku Ezekia amesimama juu ya breki na Callixte amebandika mikono yote miwili kwenye dashibodi, akiita watakatifu, wengine ambao Pudensiana hakuwahi kuwasikia kanisani. Gari liliishia kwenye majani chini kabisa.

"Laini," alisema Silvester.

Walisubiri magurudumu yapoe, akafunga zile ngumu. Mara ya kwanza zilishika kivivu, zikapiga kelele ya kupasua masikio. Lakini mara ya nne, na ya sita, zilishika vilevile. Hazikuteleza. Tatizo likawa kwamba hata hizo zilisimamisha gari hatua ishirini na mbili mbele ya jiwe. Pudensiana alizihesabu mwenyewe kwa miguu, mara mbili.

"Pedi ndiyo hii," alisema Silvester akifuta mikono. "Hakuna nyingine itakayoishinda. Kilichobaki ni tairi."

"Ezekia, matairi ya zamani yako wapi?"

Ezekia alitazama majani.

"Ezekia."

"Yapo Kasansa, sista. Kwa dada yangu Nyanzala."

"Yanafanya nini kwa dada yako?"

"Yapo kwenye mkokoteni."

Pudensiana akaenda kukaa kwenye kivuli cha gari, peke yake, mpaka alipojiamini kwamba anaweza kuongea bila kupiga kelele.

Siku mbili baadaye waliteremka kwenda Kasansa, kwa gia ndogo, pedi ngumu zikilia njia nzima. Pudensiana alikuwa amejiandaa kugombana. Alikuwa na hotuba nzima kichwani, kuhusu mali ya serikali. Walimkuta Nyanzala uani kwake akifungua ng'ombe wake wawili. Mkokoteni ulikuwa umefungwa kwenye ekseli ya gari bovu la aina ileile, na magurudumu yalikuwa yale yale ya kliniki, mawili yamefungwa na mawili ya akiba yamelazwa pembeni, yote bado yana namba ya rangi nyeupe ya ofisi.

Nyanzala alimsikiliza Pudensiana mpaka mwisho, akamgeukia kaka yake.

"Uliniambia yametupwa."

"Dada..."

"Uliniambia yametupwa, Ezekia!" Akamgeukia Pudensiana. "Yachukue, sista, samahani sana. Ila niachie hayo makubwa. Mkokoteni haukimbii wala hauna breki."

Ezekia ndiye aliyeyafungua, moja baada ya jingine, akayarudisha ya zamani kwenye gari. Kwenye mkokoteni makubwa yaliingia mawili. Mengine mawili aliyaegesha ukutani kwa dada yake, akayapiga kofi kidogo kama mtu anayeaga ng'ombe aliyeuzwa.

"Masika tutakwama," alisema walipoondoka.

"Tutakwama," alijibu Pudensiana. "Nitashuka nisukume. Angalia mbele."

Hawakuwa wamefika mbali kundi la ng'ombe likaingia barabarani kutoka vichakani, bila dalili. Ezekia alikanyaga. Pedi zikalia, gari likasimama palepale, na boksi la chanjo likateleza hadi miguuni pa Pudensiana. Mchungaji alipita nyuma ya ng'ombe wake bila hata kuwatazama.

Walisubiri vumbi litulie. Hapo ndipo Pudensiana alipogundua kwamba mguu wake wa kulia umekandamiza sakafu ya gari kwa nguvu zake zote, na kwamba paja lilikuwa linamuuma, na huenda lilikuwa likimuuma hivyo tangu Ezekia alipofunga yale matairi. Aliuondoa mguu polepole, akaukunja.

"Haya," alisema. "Twende."