Rangi ya Kifua

Jana usiku, kabla usingizi haujakolea, niliota kondoo dume wangu ameketi jikoni, anakunywa chai kwa kisahani.

"Mama Cherop," akasema, "nipake rangi. Msimu wa kupanda majike umefika."

Hilo halikunishangaza. Marehemu mume wangu alikuwa akimpaka dume rangi kifuani. Jike aliyepandwa alibaki na alama mgongoni, nasi tukajua nani atazaa. Aliiita rangi ya kifua.

"Rangi gani?" nikamuuliza.

"Buluu. Nyekundu yote amechukua Bwana Chumo."

Chumo ni mwalimu wa kwaya, mgane, ananichumbia tangu mavuno. Asubuhi nilikuwa nimpe jibu, na jibu lilikuwa ndiyo. Hata kitambaa cha harusi nilishanunua.

Mara jikoni ni kanisani. Kondoo wamejaa viti vya mbele, wanatafuna vitabu vya nyimbo bila haraka. Dume anapanda mimbarini, anakohoa kidogo.

"Aliyekumbatiwa huachiwa alama," anatangaza. "Waumini, geukeni."

Ninaogopa. Chumo alinikumbatia Jumapili nyuma ya zizi, na binti yangu yuko hapa. Ninageuka nimefumba macho, nangoja kuchekwa.

"Mama Cherop, mgongo wako ni safi," anasema dume. "Umefua?"

"Sijafua!"

"Basi ulikumbatiwa kabla Chumo hajapakwa. Wenzako wa baadaye hawakubahatika."

Ninafumbua macho. Safu nzima ya waimbaji wa sauti ya kwanza ina migongo myekundu. Ya pili pia. Mpiga kinanda, Mama Jelagat, ana alama tatu.

"Ni salamu za upendo," anaeleza Chumo, huku amekumbatia mimbari.

Iliniuma, sitaficha. Nilitaka kumpiga kwa kitabu cha nyimbo, lakini kondoo walikuwa wamevimaliza vyote.

Nikaamka kumekucha, mlango unabishwa. Chumo amesimama nje, koti amelifunga hadi kidevuni, jasho linamtoka.

"Mama Cherop, umeamkaje? Kabla ya lile jibu letu, huna mafuta ya taa kidogo? Kuna rangi imenigandia shatini, hapa kifuani."

"Rangi gani?"

Akatazama viatu vyake. "Nyekundu."

Nikampa chupa nzima, nikamwambia jibu akaliombe kwa Mama Jelagat.