Ng'ombe wa Sita

Pale sokoni Malaba kuna mama muuza dagaa ambaye akiniona tu hupaza sauti: "Mama Pijo! Ng'ombe yenu imeamkaje?" Wenzake wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi humjibu, "Imeamka na kiu," halafu naenda kununua dagaa kwingine. Watu wa hapa wakikubandika jina, hata mafuriko ya Budalang'i hayalitoi. Lakini kwa kuwa kila mtu anaisimulia habari hii anavyotaka, na wengine wameiongezea pembe na mkia, acha niisimulie mimi niliyekuwepo, tena niliyeolewa.

Naitwa Brigid Akol. Nafanya kazi katika ofisi moja inayoshughulikia makaratasi ya malori yanayovuka mpaka. Mume wangu, Zephaniah Oundo, ni mtu wa Bumala, fundi wa kushona maturubai ya malori hayo hayo. Tulijuana siku alipokuja kuuliza kama kabureta kuukuu kutoka Tororo inalipiwa ushuru wa kipuri au wa chuma chakavu. Nikamwambia inategemea. Akafungua leso, akaiweka ile kabureta juu ya makaratasi yangu, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayekuonyesha picha ya mwanawe: "Dada, kwa macho yako, hii ni chakavu?"

Kabureta ilikuwa ya gari lake, Pijo 504, ya mwaka wa sabini na tisa, rangi ya maziwa. Aliinunua kwa mjane mmoja wa Nambale, kuku wakiwa wametagia kwenye kiti cha nyuma. Kwa miaka minne aliifungua yote mpaka skrubu ya mwisho, akaifunga tena. Aliichomelea sakafu yote isipokuwa tundu moja dogo karibu na klachi, ambalo alidai ni la kupumulia. Aliiosha kwa shampuu ya watoto, ati sabuni ya kawaida inakausha rangi. Wasichana wenzangu wakitolewa out wanapelekwa kula kuku. Mimi nilipelekwa kusikiliza injini. "Funga macho, Brigid. Unasikia valvu ya tatu?" Sikusikia kitu. Lakini tuliposhika barabara ya Nambale, madirisha wazi, viti vikitubeba polepole kama mayai, nilianza kumwelewa. Kipenda roho hula nyama mbichi.

Kitu alichojivunia kuliko vyote ni kwamba haikuvuja. Alisema gari la umri ule lazima lidondoshe oili, kila fundi anajua hivyo, lakini lake kavu. Alihangaikia boliti ya oili chini ya injini miezi mitatu mizima, na spana yake aliifunga utepe mwekundu isichanganyike na nyingine. Jumamosi jioni alikuwa anatandika shuka jeupe chini ya Pijo. Jumapili baada ya ibada analiinua na kuwaonyesha majirani: hakuna tone. Kuna waliokuja kulitazama mara mbili.

Sasa tufike kwenye mahari. Baba yangu alishafariki, kwa hiyo mwenye neno alikuwa baba mdogo, mzee Emukule, mtu wa ng'ombe tangu utoto, macho hafifu lakini mdomo mzima. Alitaka ng'ombe sita. Watano wakaletwa vizuri. Kabla ya wa sita, karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo ikatangazwa, minada ikafungwa, hakuna mnyama kutoka wala kuingia. Na padre alikuwa ameshatangaza siku ya ndoa. Basi Zephaniah na wazee wake wakaja kwetu, ng'ambo ya mji wa Malaba, kuomba wa sita asubiri. Walikuja na Pijo. Kosa lilianzia hapo.

Msemaji wao alikuwa mjomba wake, mzee Aluka, dalali wa ng'ombe kwa kazi. Aliongea vizuri, akaeleza karantini, akaomba subira. Emukule alikuwa akivuta ajon, pombe yetu ya wimbi, kwa mrija. Akautoa mrija mdomoni, akauelekeza uani.

"Na hiyo nyeupe mliyokuja nayo?"

Watu wakacheka. Emukule hakucheka.

"Mzee, hiyo ni gari," Aluka alisema.

"Nimeuliza ni nini? Nimeuliza, na hiyo?"

Mimi nilikuwa dirishani jikoni. Nilimtazama Zephaniah, nikingoja anitazame. Hakunitazama. Aliitazama Pijo. Iliniuma, nasema wazi, iliniuma kama kidole kilichobanwa na mlango. Nikajiapiza palepale: akiondoka leo na hilo gari lake, aende nalo, alioe, lizae naye vipuri. Mimi sitamfuata hata aje na ng'ombe mia.

Shida ya Aluka ni kwamba dalali akisikia mtu anaulizia mnyama, ulimi wake unaanza kazi kabla ya akili. Emukule aliuliza, "Iko na miaka ngapi?"

"Arobaini na kitu, lakini meno yote iko."

"Dume ama jike?"

"Jike, mzee. Mpole. Haipigi teke."

"Inazaa?"

"Imezaa mara mbili," Aluka alisema bila kupepesa macho.

Wazee wakaondoka kwenye viti kwenda kuikagua. Mmoja alishika taa za mbele kama anayechunguza macho. Mwingine alipapasa bonati akatangaza ina joto, labda homa. Emukule akazunguka mpaka dirisha la nyuma, akaweka paji la uso kwenye kioo. Hapo nikashika kichwa, maana nilijua kilichokuwa ndani.

Ndani alikuwa mama yangu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawakai pamoja, heshima ndivyo ilivyo. Toto, ndivyo tunavyomwita mama, alikuwa akivuka ua na sufuria ya wimbi wageni walipoanza kutoka chini ya turubai kunawa mikono, na Zephaniah yuko mbele yao. Pa kukimbilia hapakuwa. Akafungua mlango wa karibu, ukawa wa Pijo, akajilaza kiti cha nyuma na kujifunika lile shuka jeupe la Zephaniah gubigubi. Niliona mimi peke yangu.

"Wee!" Emukule alisema. "Hii ng'ombe iko na kitu tumboni. Imecheza!"

"Si nilisema?" Aluka alijibu kutoka upande wa pili, bila kuangalia. "Itazaa mwezi ujao."

Nilibana mdomo kwa kanga. Zephaniah alisimama tu, mikono imening'inia, wakimwuzia Pijo yake mbele yake.

Wazee wakarudi chini ya turubai. Emukule akatoa uamuzi: anaikubali, lakini kwa desturi. Ng'ombe wa mahari lazima akojoe katika boma jipya kabla kivuli cha ghala kufika mlangoni. Akikataa ni mkavu, ataleta ukame, arudi alikotoka na mkwe arudi naye. Mimi nilikuwa na miaka yangu ishirini na saba na sikuwahi kusikia desturi hiyo kabla ya siku ile. Nafikiri aliitoa kwenye mrija. Lakini mzee akishasema desturi, nani atamwomba risiti?

Basi watu thelathini wazima, wengine wamevaa suti, wakaketi kulitazama gari likojoe. Wakaliwekea beseni la maji mbele ya bampa. Emukule akapiga mluzi, ule wa kunyweshea ng'ombe mtoni. Kimya. Akapiga tena. Kuku mmoja akaja akanywa yale maji. Kivuli cha ghala kikawa kinasogea.

Mnaelewa sasa? Gari lolote kuukuu la Busia nzima lingekojoa bila kuombwa. Hata lile pikapu la muuza makaa wetu hukojoa likiwa limezimwa. Lakini mume wangu mtarajiwa alikuwa ameliziba, kwa ufundi wa miezi mitatu. Ng'ombe haelemewi na nunduye, lakini siku ile nundu ilitaka kunimaliza mimi.

Kivuli kilipobakisha hatua mbili, Zephaniah aliinuka. Akasema anakwenda kuiangalia kidogo. Akavua koti, akachukua ile spana ya utepe mwekundu kwenye buti, akalala chali, akaingia chini ya Pijo na shati lake jeupe. Nami nikachukua jagi, nikajifanya naongeza maji kwenye beseni. Nilitaka kuona mwenyewe. Niliona viatu vyake tu, na havikuwa vinasonga. Alikuwa amelala pale, hafanyi kitu.

Ndipo nikasikia sauti ya Toto ndani ya gari. Alikuwa ameshuka kutoka kitini, amelala sakafuni, mdomo kwenye lile tundu la klachi.

"Wewe ng'ombe," alisema taratibu.

Viatu vikashtuka.

"Nasema na wewe ng'ombe, sisemi na mtu. Nimekulalia saa nzima. Huu mgongo haujapata raha tangu mzee wa hapa azikwe. Leo umepata."

Zephaniah naye akajibu, akiiambia injini: "Pijo, mwambie mama asante."

"Ng'ombe, mwambie mwenye wewe, mbona mkono wake umesimama?"

"Pijo, mwambie mama hii boliti nimeihangaikia miezi tatu."

"Mwambie, huyu msichana nimemhangaikia miaka ishirini na saba. Na leo nimekaa hapa namtoa."

Maji yakanimwagikia miguuni. Sikuyajali. Nilisikia Zephaniah akivuta pumzi, mara mbili, kisha akasema kwa sauti ya chini sana, "Pijo, nisamehe. Wewe nikikuona Jumamosi kwa Jumamosi nitaishi. Brigid siwezi kukaa siku bila kumwona."

Spana ikalia. Mara oili ikaanza kutiririka kwenye udongo, safi, rangi ya asali, maana alikuwa ameibadilisha jana yake kwa ajili ya safari.

"Imekojoa!" nilipiga kelele, na haki ya Mungu nilikuwa nalia. "Imekojoa!"

Vigelegele vikapaa mpaka madereva wa malori barabarani wakapiga honi. Katika vurugu hiyo Toto akatokea mlango wa upande wa pili, akaingia jikoni kama mtu aliyekuwa huko tangu asubuhi. Emukule akainama, akachovya kidole, akanusa. "Haina ugonjwa hata kidogo," alisema. Zephaniah akafunga boliti kwa vidole tu, akatoka chini, shati limeharibika, machozi yanamtiririka. Aluka akaona haya, akamwambia ajikaze kiume. Emukule akamkemea: "Mwache alie. Mtu akitoa ng'ombe bila kulia, huyo ametoa kuku."

Ndiyo hivyo nikaolewa. Pijo ikafungwa kamba kwenye bampa, kamba ikafungwa kwenye mti uani kwetu, na mpaka leo Emukule huikagua kamba jioni. Hakuna anayesema gari limezima, wanasema ng'ombe amelala. Bonati lina jivu kidogo la kufukuza kupe. Kila Jumamosi Zephaniah anaruhusiwa kuipeleka malishoni, yaani kituo cha petroli, na mimi nikiwa naye tunapitiliza kidogo mpaka njia ya Nambale, madirisha wazi, ananiuliza kama nasikia valvu ya tatu. Siku hizi naisikia. Ama nadanganya, yeye hajui.

Lakini kuna jambo linamsumbua. Tangu siku ile Pijo inavuja. Jumamosi anaikaza boliti kwa spana ya kuazima, maana ile ya utepe mwekundu ilipotea siku ya mahari. Jumamosi inayofuata anakuta imelegea, tone, tone, tone. Amebadilisha washa, ile pete ya boliti. Amebadilisha boliti yenyewe. Amewauliza wenzake wa kundi lao la WhatsApp la magari ya kale, wanaume sitini, na kila mmoja ana nadharia yake. Basi inambidi alale chini yake kila wiki, nusu saa, saa nzima. Na Toto kila wiki anakuwa ameshaingia mapema kiti cha nyuma kupumzisha mgongo, shuka usoni, mdomo karibu na tundu. Wanamwambia ng'ombe habari za mvua, za bei ya wimbi, za marehemu baba. Siku moja nilimsikia Toto akicheka kwa sauti, kicheko nilichokuwa nimesahau anacho. Mwaka wa tatu huu, na hawajawahi kuonana uso.

Ijumaa iliyopita nilikwenda kumsaidia kupika. Nikatia mkono kwenye mkebe wa unga wa mtama, nikagusa chuma. Nikakitoa, nikakipangusa. Spana, yenye utepe mwekundu. Nikageuka, Toto yuko mlangoni, kitambaa chake cha kichwa kina doa la oili pembeni.

Nikairudisha spana ndani ya unga, nikafunika mkebe, nikamuuliza kesho anataka tumletee nini.

"Hakuna," alisema. "Mwambie tu ng'ombe bado inavuja."