Foleni ya Juani

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Muda mrefu watu walikuwa wakisema jiji linataka kutumeza, nami nikawa nawaambia jiji limeshiba, halina hamu na mlima wenye mawe na watu wabishi kama sisi. Kumbe nilikuwa najidanganya. Asubuhi moja niko uani nafua mashuka ya nyumba ya wageni, povu limenifika viwikoni, nikamwona mwanamume kasimama kwenye kalavati na ramani kwapani, anazitazama nyumba zetu kama mtu anayechagua kuku wa kununua.

Akapanda mpaka kwetu. "Habari za kazi, dada. Mimi ni afisa mipango wa jiji."

"Kazi ninayo, habari sina," nikamjibu. Mdomo wangu hauna breki, nimezaliwa nao hivyo.

Mimi ni dobi. Naishi na baba upande huu wa kalavati, na jiji linaishia upande ule. Lami inaishia pale, gari la taka linageuzia pale, na bomba la maji nalo limekoma pale pale. Wenye jiji lao huchota kwanza; sisi watu wa ng'ambo tunasubiri mpaka wamalize, ndipo tujitwike ndoo tupande nazo mlima. Dobi asiye na maji, hebu fikiria mwenyewe. Mgongo wangu umeshasahau kunyooka. Kwa hiyo mtu angedhani ningempokea yule bwana kwa vigelegele.

Ng'o! Kwa sababu ya baba. Nyuma ya jiko letu pana kaburi la mama, na kando yake baba amejiachia nafasi yake mwenyewe. Ameizungushia mawe, anaipalilia, na ukianika nguo karibu anagomba: "Msinikanyagie kitanda changu!" Ndani ya jiji mtu hazikwi uani kwake. Anapelekwa makaburi ya jiji, kule nyuma ya kiwanda cha saruji, akalale katikati ya watu asiowajua. Baba moyo wake ni mgonjwa, miguu imemvimba, na katika dunia hii haombi kitu kingine. Mimi niliapa kwamba hicho kimoja atakipata.

Yule afisa, ambaye mtaa mzima ulishambatiza jina la Bwana Ramani, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angekuwa na kiburi ningejua la kumfanya. Alimwamkia baba shikamoo, akakaa kwenye kigoda, akatueleza bila kuficha. Jiji lilikuwa bado halijaamua. Mhandisi alikuwa anapima kama maji yataweza kupanda mlima wetu. Mweka hazina alikuwa ananung'unika kwamba tutaligharimu jiji zaidi ya tutakavyolichangia. Madiwani walikuwa wamegawanyika, wengine wanatutaka, wengine hawatutaki, mwishowe wakakubaliana tuulizwe wenyewe. Tukitaka kwa wingi, watapitisha. Tukisitasita, mpaka utabaki kwenye kalavati.

"Na makaburi?" nikauliza.

Akajikuna shingo. "Yaliyopo hayaguswi, dada. Mapya hayaruhusiwi."

"Hata moja tu? Nafasi yenyewe ipo tayari."

"Kila nyumba niliyopita wananiomba moja tu," akasema polepole.

Nilitamani kumchapa na shuka bichi. Baba muda wote alikuwa anaitazama mikono yangu ndani ya beseni. Akaniambia nimpe mgeni maji ya kunywa. Bwana Ramani alipomaliza glasi akauliza maji tunayatoa wapi.

"Muulize huyo," baba akasema. "Yeye ndiye bomba letu."

Kuanzia siku ile nikaingia kwenye kampeni. Nikirudisha nguo za watu, mkononi nguo, mdomoni siasa. "Mnataka mzee wetu akatupwe nyuma ya kiwanda?" Nusu ya nyumba za mlima ule baba ndiye aliyezijenga kwa mwiko wake, kuta za wengine alizimalizia bure wakati hawana kitu. Nani angethubutu kuniambia ndiyo, mtupe? Wakaniahidi, mmoja baada ya mwingine, ingawa wengine waliahidi huku wakitazama ndoo zao tupu.

Kaka yangu tu ndiye aliyenikatalia. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, alitaka lami ifike karakana yake. "Dada, tuwazuie watu wote hawa kwa ajili ya kaburi moja?"

"Hilo kaburi unalosema ni la baba yako, na mwenyewe bado anakunywa uji!"

Akanywea, akawa mdogo kama kidonge cha piritoni. Lakini alipofika mlangoni akageuka. "Baba mwenyewe umemuuliza?"

Nikamfukuza na pasi mkononi. Nimuulize nini? Mtu anayepalilia kaburi lake unamuuliza nini tena?

Siku ya siku tukakutana uwanja wa shule. Tume ya jiji ilisema hakuna karatasi: foleni mbili, karani atapita akigusa bega la kila mtu na kuhesabu kwa sauti, ili asiwepo wa kusema ameibiwa. Kibao cha Hapana wakakisimika kando ya ukuta wa darasa, kwenye kivuli. Cha Ndiyo wakakipeleka golini, juani. Jua lenyewe lilikuwa la kukausha mashuka mara moja. Ikawa kila anayefika anakimbilia kivulini, hata kaka yangu.

Bwana Ramani akashika kichwa. "Jamani, hii ni foleni ya Hapana!"

"Tunajua! Tunapumzika kwanza!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Alipotaka kukihamisha kibao nikapaza sauti: "Kisiguswe! Anayelitaka jiji alitake na jua lake!"

"Mchumia juani hulia kivulini!" kaka akanijibu, akatoka na mafundi wenzake wachache wakaenda golini. Waliobaki walibaki, baadhi kwa ahadi, baadhi kwa kivuli, mimi sikujali. Tumeshinda, nikajiambia. Baba nilikuwa nimemketisha kwenye kiti mbele kabisa ya foleni yetu, wote wamwone vizuri.

Akaanza kuinuka.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Juani."

Nilidhani jua limemchanganya kabla hajalifikia. Akautoa mkono wangu begani kwake, akawageukia watu. Sauti yake siku hizi ni ndogo, watu wakasogea wamsikie.

"Nasikia mnanizika kabla sijafa. Ahsanteni. Ila maiti haoni kiu. Huyu mwanangu mvi zimemjaa kichwani, na juu ya mvi hizo bado anabeba ndoo, aniogeshe mimi. Mama yake alizibeba ndoo hizo hizo mpaka siku alipolala pale nyuma ya jiko. Nami nikalale ubavuni mwake nimwambie nini? Kwamba binti yetu nimemwachia ndoo?"

Kisha akaondoka, na fimbo yake, hatua ndogo ndogo. Watu wakatazamana. Mwenye duka akatoka kivulini, akafuata jirani yetu wa chini na mkewe, halafu ikawa hakuna wa kumsubiri mwenzake. Foleni yangu iliyeyuka nikiiona.

Mimi sikuhama. Nilisimama karibu na kiti kitupu, nalia kwa hasira, tena kwa sauti, na sikumwonea mtu haya. Nilimtetea yeye! Nimegombana na watu kwa ajili yake, na yeye ndiye ananiacha peke yangu mbele ya mtaa mzima.

Kule golini miguu ya baba ilikuwa inatetemeka. Kaka akataka kumshika, baba akamsukuma. Bwana Ramani akamletea kiti, akakikataa. "Niacheni," nikamsikia. "Wa kunishika namjua." Na macho yake yalikuwa kwangu.

Mzee mjanja! Nilijua kabisa anachofanya, naye alijua kwamba ninajua. Nikasema siendi. Nikasema potelea mbali, kayataka mwenyewe. Fimbo ikamponyoka. Sikumbuki niliuvukaje ule uwanja. Nilijikuta tu nimemkumbatia kiunoni, mwepesi jinsi alivyo, moyo wake unanigonga ubavuni.

Karani akafika, akamgusa baba bega, akahesabu. Akanigusa mimi.

"Mimi usinihesabu," nikasema. "Nimemfuata baba tu. Mimi ni Hapana."

"Mama, mimi nahesabu waliosimama hapa."

"Mhesabu," baba akasema.

Akanihesabu, akaendelea na wengine nyuma yetu. Nikauficha uso wangu kwenye shati la baba, shati nililolifua mwenyewe, nikalilowesha. Akanipigapiga mgongoni, pale pale panaponiuma.

"Haya, mama, yamekwisha," akasema. "Nirudishe nyumbani nikakae na mama yako kidogo, kabla hawajausogeza huo mpaka wao."