Sijida Ndefu ya Shehe Fadhul

Watu wa Koboko wakikwambia kwamba marehemu mume wangu, Shehe Fadhul, alikuwa na sijida ndefu kuliko shehe yeyote wa West Nile, itikia tu. Ni kweli. Lakini wakianza kukueleza sababu, njoo uniulize mimi, Medina, niliyekuwa nikimkanda. Sababu ilikuwa goti.

Aliliumiza siku ya Idi ya kuchinja, mwaka wa sabini na mbili. Yeye ndiye aliyekuwa akituchinjia, na mwaka ule afande mmoja alileta fahali kutoka Logiri, fahali asiyejua adabu. Walipokuwa wanamlaza, kamba ikawaponyoka vijana. Mguu wa Fadhul ukaingia kwenye mtaro wa damu, mwili ukageukia huku, goti likabaki kule. Likavimba kama papai. Uvimbe ulipopungua tukasema alhamdulillahi, kumbe tunajidanganya. Tangu siku ile, akilikunja sana, mara nyingine lilikuwa linashikwa. Halinyooki, halikunjiki zaidi, na maumivu yanampanda mpaka machozi yanamtoka. Nikimkuta hivyo nyumbani namlaza chali, nashika kisigino, nautikisa mguu polepole huku nauvuta, mpaka ndani paseme ko! Hapo linafunguka, naye anainuka na kutembea kama mtu aliyekuwa anatania. Ndiyo ubaya wa maradhi yale. Yakishaondoka, hakuna wa kukuamini kwamba yalikuwapo.

Tulipanda lori mpaka hospitali ya Arua. Daktari akaupinda mguu, akaupindua, akatuambia ndani ya goti kuna kitu kama mto mdogo wa kulalia, nacho kimechanika. Kipande chake kinaingia katikati ya mifupa kama nguo inayobanwa na mlango. Dawa yake ni kupasuliwa Kampala. Kwa sasa asipige magoti, asali kwenye kiti.

"Mungu nasikia mutu ya kiti pia, shehe," alimwambia kwa Kiswahili chetu cha kule.

Fadhul alilijibu hilo tukiwa njiani kurudi, lori likiturusha juu ya magunia.

"Imamu ya kiti, nani nasimama nyuma yake?" aliniuliza. "Watapa Hamuza nafasi yangu."

Hamuza alikuwa mwalimu wa madrasa, mwenye sauti nzuri na magoti mazima, naye alikuwa anaitazama mihrabu kama paka anavyotazama jikoni. Nilimwambia mume wangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Akageuza uso akatazama mashamba ya tumbaku. Ijumaa iliyofuata alisujudu kama kawaida.

Sasa sikiliza mambo yalivyoanza. Ijumaa moja goti likamshika katika sijida ya rakaa ya mwisho. Sheria unaijua: maamuma hainuki kabla ya imamu. Safu zote zikabaki paji la uso chini, zinangoja. Yeye kule mbele anahangaika, anausogeza mguu kidogo kidogo, anauma midomo. Lilipofunguka akasema Allahu Akbar kwa sauti ya kutetemeka, akaketi, uso umelowa machozi. Katika safu ya mbele alikuwapo Sulaiti, mtoto wa Koboko, kapteni wakati ule, amekuja likizo. Naye akalia. Mwezi haukuisha, akapandishwa cheo kuwa meja.

Basi! Wanajeshi wakawa wanatoka kambini Arua kuja kusali nyuma ya mume wangu. Mwenye kutaka cheo alikuja, na mwenye mke asiyezaa alikuja. Nchi nzima ilikuwa inalilia sukari, kwangu ilikuwa chini ya kitanda. Nyasi za paa zikatoka, mabati yakaingia. Na Ijumaa ambayo goti lilikuwa jema na sijida ikawa fupi kama ya watu wote, waumini walitoka wamenuna, wakisema leo shehe hakufunguliwa mlango.

Mimi nilisema, asije mtu akanisingizia kwamba nilinyamaza. Niliwaambia wanawake kisimani, "Ile hapana dua ndefu. Goti yake nashikwa." Wakacheka, wakagonganisha viganja.

"Medina," alisema mmoja wao, Kaltumu, "wewe iko na wivu na Mungu?"

Kufikia mwaka wa sabini na sita hali ikawa mbaya. Goti lilikuwa halikauki uvimbe, na paja la mguu ule limesinyaa. Siku Meja Sulaiti alipokuja kutusalimia, nilimwekea chai, nikapiga magoti mbele yake, maana yangu yalikuwa mazima.

"Afande," nikasema, "wewe iko na gari, iko na wakubwa Kampala. Peleka mzee wapasue goti. Hii mambo ya sijida yote ni goti. Yeye hapana omba pale, yeye naumia."

Meja akavua miwani yake ya jua. Akamtazama mume wangu. "Shehe, hii ni kweli?"

Fadhul alikuwa ameketi mkekani, mguu ameunyoosha, uvimbe umefichwa na kanzu. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemvuta akilia kwa sauti. Nilimwona anashika pindo la kanzu. Nikadhani sasa atasema, sasa tumepona. Akatabasamu.

"Wanawake, afande. Naona mguu, hapana ona moyo."

Wakacheka wote wawili. Nilichukua birika nikatoka nje. Nakwambia wazi, siku ile nilimchukia mume wangu kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote. Jioni lilipomshika tena nilisimama mlangoni nikamtazama anavyojinyonganyonga.

"Ita meja avute wewe," nikamwambia.

Hakukasirika. Alisema, "Medina, wakipasua mimi, nikarudi na sijida ya watu wote, watapenda nini kwangu?" Nikapiga magoti, nikashika kisigino chake.

Ikafika sabini na tisa. Tukasikia Kampala imeanguka na rais, mtoto wa kwetu, amekimbia, kisha tukasikia bunduki za waliomtoa ziko njiani kuja Arua, kisha Koboko nzima ikaanza kufunga mizigo. Sisi wanawake tulitangulia asubuhi kwa miguu, magodoro kichwani, kwenda ng'ambo ya mpaka, Zaire. Fadhul hakuweza kutembea safari ile. Meja aliniahidi kwa mdomo wake: shehe atasalisha adhuhuri awaombee njia, kisha atapanda gari lake.

Nilingoja ng'ambo, kando ya njia, nikikagua kila gari. La meja lilipofika nilikimbia nikachungulia nyuma. Niliona friji, magodoro, cherehani ya mke wake, na mbuzi. Shehe hakuwamo.

"Mzee iko wapi?" nikauliza.

Meja akashuka, macho mekundu. "Mama, risasi ilianza tukiwa ndani ya sijida. Tulingoja yeye, hapana inuka. Risasi nakuja karibu, yeye hapana inuka. Tulijua sasa yeye iko nafungua njia yetu kwa dua. Tukaacha yeye na Mungu."

"Muligusa yeye?"

"Nani naweza gusa mutu ndani ya sijida?"

Nilimshika shati pamoja na alama zake za cheo, nikamwomba arudi. Nikamwambia amekwama, hasujudu, amekwama, anahitaji mtu mmoja tu wa kumvuta kisigino. Alinibandua vidole taratibu, akawaambia wenzake, "Huzuni imeingia ndani ya kichwa ya mama."

Taban, mwadhini wetu, alifika kwa miguu jua likishuka. Alikuwa amejificha kwenye mahindi nyuma ya msikiti na aliona yote. Alisimulia huku watu wamemzunguka. Wenye bunduki waliingia, wakamkuta shehe peke yake, paji la uso mkekani.

"Waliambia yeye simama," Taban alisema. "Akakataa. Waliambia tena, akakataa. Wakapiga yeye risasi pale pale. Wallahi, shehe hapana ogopa mutu."

Watu wakapiga takbira. Mimi nilikaa chini kwenye vumbi. Hakukataa. Najua alivyokuwa anausogeza ule mguu, kidogo kidogo, akiuma midomo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mume wangu hata kifo hakikumuumbua. Kilimtukuza, na mimi kikaniita mwendawazimu.

Magharibi ilipoingia wanaume walipanga safu juu ya majani. Wakamsukuma meja mbele awasalishe, maana ndiye aliyekuwa karibu na shehe. Katika rakaa ya mwisho alisujudu, akakaa chini muda mrefu, mrefu sana, kwa kumwiga. Nyuma yake watu wakaanza kulia. Kisha akasema Allahu Akbar, akainuka bila shida yoyote, magoti yake mazima.