Saluni Isiyo na Utani

Palikuwa na msusi mmoja, mdomo wake mwepesi kuliko vidole vyake. Akivuta nywele za mtu mpaka machozi yamlengelenge, hapo hapo hutupia utani, na mteja akacheka badala ya kulia. Ndiyo dawa iliyomjazia saluni.

Sasa redio ya mtaani ilikuwa inatafuta msimulizi wa hadithi za kutisha. Alipokwenda mara ya kwanza, watu wa redio walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakamwambia arudi na hadithi nyingine. Wakicheka tena, nafasi inakwenda kwa mwingine. Kurudi kwenyewe ni kesho, naye ameapa hachekwi.

Kitini alikaa shangazi yake, mwanamke asiyemung'unya maneno. Kwenye benchi, fundi cherehani wa jirani alikuwa akisubiri zamu yake huku akitafuna karanga.

"Tuianzie makaburini," msusi alisema. "Mwezi umejificha. Mkono unachomoza udongoni..." Akavuta nywele, shangazi akajikunja. "...na kucha umepaka rangi, moja imebanduka!"

Fundi akaangua kicheko. "Huo mzuka ulikuwa unakwenda harusini?"

"Basi, msituni. Kiza totoro. Kitu kinahema nyuma ya mti..." Akavuta tena. "...kinahema maana viatu vya kuazima vinakibana!"

"We mtoto," shangazi alisema akijifuta machozi, "msituni umelala lini? Wewe suka, redio waachie wenyewe."

Yalimchoma. Akasuka mstari mzima kimya, na katika kimya hicho akaona jambo: shangazi alikuwa amekakamaa, mabega juu, akisubiri utani ambao hauji. Kumbe kila akivuta, mtu hubana pumzi, na yeye kwa huruma humwachilia mapema mno.

Leo simwachilii mtu, akasema moyoni.

Akaanza upya, sauti chini, taratibu. "Ni saluni. Hii hii. Jioni, wateja wameondoka. Anaingia mama mmoja, anakaa kitini, hasemi kitu. Msusi anaanzia kisogoni. Anasuka kwenda upande, atafute sikio." Akavuta. Utani ukamjia mpaka ncha ya ulimi, akaumeza. "Hakuna sikio. Anasuka kwenda mbele, atafute paji la uso. Vidole vinakwenda, vinakwenda. Ni nywele tu."

Fundi aliacha kutafuna.

"Akainua macho kwenye kioo kilicho mbele yao..." Akanyamaza. Akavuta.

"Akaona nini?" shangazi alinong'ona.

"Hata huko kiooni, yule mama amempa mgongo."

Hakuna aliyecheka. Shangazi alipeleka mikono kichwani, akapapasa sikio moja, kisha la pili. Fundi akakumbuka ghafla kwamba kaacha pasi motoni, akatoka bila kuaga, karanga zake zimebaki benchini.

Msusi alimaliza mstari wa mwisho, akampa shangazi kioo cha mkononi. "Haya, jitazame."

"Nitajitazama nyumbani," shangazi alisema, macho kayafumba. "Na kesho isimulie hivyo hivyo. Utani ukikujia, ung'ate ulimi."

"Nitaung'ata mpaka utoke damu, shangazi."

Akachukua ufagio, akaanza kufagia nywele sakafuni, akiirudia hadithi chinichini tangu mwanzo.