Mkono Wanaoukimbilia Kamba

Kila mara wifi yake Mama alipotumbukiza mkono kwenye tangi la matumbawe wanalolitunza pamoja kazini, kamba wasafishaji walimpanda vidoleni, wakamdonoa ngozi iliyokufa kama wanavyowatoa samaki wadudu wa ngozini. Mama alipoingiza wake, walijificha. Alimwonea wivu wifi yake, na leo binti yake alikuwepo, kamganda shangazi yake kama kupe.

"Shangazi, wanakupenda wewe tu?"

"Wanaujua mkono wenye baraka. Mama yako wanamwona mkwe."

Mama akaenda kunawa tena kwa sabuni ya manukato, akasugua mpaka viganja vikang'aa. Wifi akamfuata.

"Mwenzangu, sabuni ndiyo inayowafukuza. Mimi hunawa maji matupu."

"Na miezi yote hii umenyamaza?"

Wifi akainamisha macho. "Wewe una mtoto kila siku. Mimi nilikuwa na kamba tu."

Mama akafuta viganja. Wivu haukumtoka, ila sasa aliona si wake peke yake.

"Basi leo jidai na mtoto," akasema. "Jumamosi nitamleta tena, na nitakuja bila sabuni."